Nani Mwenye Kalamu? Mwongozo wa Kudai Watumishi na Dawa kwa Mtu wa Kariakoo

Ukifika kituo cha afya cha serikali saa moja asubuhi, ukakaa kwenye benchi hadi saa sita, kisha ukaambiwa daktari wa zamu ni mmoja na ameitwa kwa mama aliyezidiwa, mtu aliye mbele yako ni muuguzi wa mapokezi. Ndiye atakayefokewa. Naye hakupanga idadi ya madaktari, hakuagiza dawa, wala hakugawa fungu lolote la fedha. Sisi wa Kariakoo tungepaswa kulijua hili kuliko wengine: mzigo ukifika dukani umepungua katoni mbili, mwenye akili hamgombezi mpagazi, anafungua karatasi ya mzigo aone nani alisaini kutoa na nani alisaini kupokea. Huduma ya afya ya serikali nayo ina karatasi zake, na kila karatasi ina saini ya mtu.

Mwongozo huu ni wa kukufikisha kwa wenye saini hizo. Umeandikwa kwa ajili ya mama lishe wa Gerezani, mpagazi wa Mtaa wa Kongo, kijana anayeuza nguo Msimbazi, mstaafu wa Upanga, na mwenye duka wa Narung'ombe anayelipa ushuru wa huduma kwa Jiji na hajawahi kuuliza fedha hizo zinafanya nini.

Njia tuliyoizoea Watanzania ni kumsubiri mkubwa. Tarehe 9 Novemba 2015, siku nne baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli aliingia Hospitali ya Taifa ya Muhimbili bila taarifa. Alikuta wagonjwa wamelala chini, na mashine kubwa za uchunguzi, MRI na CT scan, hazifanyi kazi. Bodi ikavunjwa, kaimu mkurugenzi akaondolewa, na Profesa Lawrence Museru akaletwa kutoka Taasisi ya Mifupa, MOI, kushika nafasi yake. Siku chache baadaye fedha zilizochangwa kwa ajili ya hafla ya wabunge Dodoma zikaelekezwa kwenye vitanda na magodoro ya Muhimbili. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini zahanati ya mtaani kwako Rais hapiti. Na mashine iliyotengenezwa kwa sababu Rais amepita ilikuwa na mtu wa kuitengeneza hata kabla hajapita. Fedha ya matengenezo iliombwa au haikuombwa, ilitolewa au haikutolewa, na kwenye kila hatua kulikuwa na ofisa mwenye kalamu. Huyo ndiye wa kumtafuta, kila mwaka, bila kungoja msafara.

Kituo chako ni cha nani

Kosa linalopoteza barua nyingi ni kuipeleka kwa mtu asiyehusika. Katikati ya Dar es Salaam tumezungukwa na hospitali za ngazi tofauti ndani ya kilomita chache, na mgonjwa anaziona zote kuwa "za serikali". Ni kweli ni za serikali, ila mabosi ni mbalimbali.

Zahanati, vituo vya afya, na hospitali zilizo chini ya halmashauri, kama ile ya Mnazi Mmoja jirani na viwanja, zinasimamiwa na Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Kumbuka kwamba tangu Februari 2021, halmashauri ya jiji ya zamani ilipovunjwa, iliyokuwa Manispaa ya Ilala ndiyo ikawa Jiji. Kwa hiyo mtu wako hapo ni Mganga Mkuu wa Jiji, na juu yake Mkurugenzi wa Jiji, na juu yao wote TAMISEMI. Amana ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na hospitali za ngazi hiyo ziliondolewa mikononi mwa mikoa zikawekwa chini ya Wizara ya Afya. Ukimwandikia Mkurugenzi wa Jiji kuhusu Amana atakujibu, kwa haki kabisa, kwamba si yake. Muhimbili, MOI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na Ocean Road zina wakurugenzi watendaji na bodi zake, chini ya Wizara.

Ndani ya kituo chenyewe kuna cheo ambacho wagonjwa wengi hawakitumii: mganga mfawidhi. Yeye ndiye mkuu wa kituo, na ndiye katibu wa kamati ya usimamizi wa kituo ambayo tutairudia. Tatizo la leo, la zamu ya leo, la lugha chafu ya leo, lianzie kwake. Jina lake linapaswa kuwa kwenye ubao wa matangazo pamoja na namba ya simu ya malalamiko na mkataba wa huduma kwa mteja. Kama halipo, hilo lenyewe ni jambo la kwanza la kuuliza.

Ikama

Watu wa afya wana neno lao moja ambalo mwananchi akilijua anabadilika mbele ya ofisi: ikama. Ni idadi ya watumishi wanaotakiwa katika kituo, kada kwa kada. Mwongozo wa ikama ambao Wizara ya Afya iliutoa mwaka 2014 uliweka zahanati kuwa na watumishi 15 hadi 20, na kituo cha afya 39 hadi 52. Soma tena namba hizo, halafu fikiria zahanati unayoijua wewe. Takwimu za serikali yenyewe kwa miaka mingi zimekuwa zikionyesha kwamba karibu nusu ya nafasi zinazotakiwa nchini, na wakati mwingine zaidi, hazina watu.

Pengo hilo lina historia, na wanaoijua historia yake hawadanganyiki kirahisi. Mwaka 2012 madaktari waligoma. Chanzo cha awali kilikuwa malipo ya madaktari walio kwenye mafunzo ya vitendo, na mgogoro ulianzia hapohapo Muhimbili kabla ya kusambaa. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha ajira ili kuhakiki watumishi hewa. Aprili 2017 Rais akakabidhiwa Dodoma orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa, na sekta ya afya ikapoteza watu wake humo. Kuwaondoa kulikuwa sahihi; hakuna mzazi anayetaka mwanawe achomwe sindano na mtu mwenye cheti cha kununua. Lakini nafasi zao hazikujazwa kwa kasi ileile waliyoondolewa, na mgonjwa ndiye aliyekuwa akilipia tofauti hiyo kwa muda wake kwenye foleni. Kisha Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, ambayo kila wakala na mteja wa Kariakoo aliilipa, na sehemu yake ikajenga vituo vya afya katika tarafa nyingi za nchi. Majengo ni mazuri. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, nazo zimekuwa zikirudia kutaja majengo ya afya yaliyokamilika bila watumishi wala vifaa vya kutosha. Na Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watu wengi waligundua kwa mara ya kwanza kwamba baadhi ya wahudumu waliowazoea kwenye kliniki za VVU walikuwa wakilipwa na miradi, si na Hazina.

Kwa hiyo ukiambiwa "watumishi hawatoshi", usiondoke na jibu hilo. Lina angalau sura tatu, na kila sura ina mwenyewe. Inawezekana nafasi haikuombwa kabisa katika bajeti. Hapo anayejibu ni Mganga Mkuu na Mkurugenzi. Inawezekana iliombwa lakini kibali cha ajira hakikutoka. Hapo anayejibu ni Ofisi ya Rais, Utumishi, pamoja na Hazina, na mtu wa kumbana ni mbunge, maana bajeti hupita mbele yake. Au kibali kilitoka, mtu akapangiwa, akaripoti, na leo hayupo: yuko masomoni, amehamishiwa ofisini kufanya kazi za makaratasi, amehamia kituo kingine huku jina lake likihesabiwa hapa. Hili la tatu ndilo linalotatuliwa haraka kuliko yote, na ndilo linaloulizwa mara chache kuliko yote.

Namna ya kuliuliza ni rahisi. Kwenye ukuta wa vituo vingi, karibu na chumba cha wauguzi, hubandikwa ratiba ya zamu: majina upande wa kushoto, tarehe juu, na herufi za asubuhi, mchana na usiku kwenye vijumba. Hesabu majina. Hiyo ndiyo idadi ya wanaofanya kazi kweli. Kisha uliza idadi ya wanaolipwa mshahara kupitia kituo hicho. Zikitofautiana, omba maelezo ya kila aliyepungua kwa cheo chake na sababu yake. Huhitaji jina la mtu yeyote wala huhitaji kumtuhumu mtu. Na uliza pia wangapi ni wa serikali, wangapi ni wa mkataba wa mradi, na wangapi ni wa kujitolea, kwa sababu kituo kinachoendeshwa na vijana wa kujitolea kinaweza kufungwa nusu yake siku yoyote wakichoka kutembea bila nauli.

Sasa jambo ambalo ni letu sisi wa katikati ya jiji peke yetu. Utajibiwa: "Dar mna nafuu, kuna mikoa kituo kizima kina muuguzi mmoja." Ni kweli, na usibishane na ukweli huo. Lakini mpango wa afya wa halmashauri hutegemea sana idadi ya watu, na idadi ya watu hutoka kwenye sensa. Sensa ya Agosti 2022 ilimhesabu mtu mahali alipolala usiku ule. Kariakoo hailaliwi. Anayeshinda Mtaa wa Sikukuu kutwa amehesabiwa Gongo la Mboto, Mbagala, Kigogo au Kimara, na wageni wanaokuja kununua mzigo kutoka mikoani, Lubumbashi na Lusaka hawakuhesabiwa na Dar es Salaam, isipokuwa waliolala humo usiku ule. Presha ikimpanda anayeshinda hapa saa nane mchana, akiangukiwa na robota, akishikwa na uchungu wa uzazi kwenye kizimba chake, hapelekwi Gongo la Mboto. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, majeruhi hawakuulizwa wanakaa wapi; walipelekwa hospitali zilizo karibu.

Hoja hii ina ushahidi wake, nao umo ndani ya kituo. Kila mgonjwa wa nje anayeonwa huandikwa katika kitabu cha kumbukumbu za kituo kiitwacho MTUHA namba 5, siku hizi pia katika mfumo wa kompyuta, na jumla hupelekwa juu kila mwezi. Omba jumla hizo za miezi kumi na miwili. Usiombe kuona kitabu chenyewe, kina siri za wagonjwa. Ukiwa na idadi ya waliohudumiwa kwa mwezi na idadi ya matabibu kwenye ratiba ya zamu, gawanya. Namba utakayoipata ina nguvu kuliko hotuba yoyote mbele ya diwani, kwa kuwa imetoka kwenye kumbukumbu za serikali yenyewe.

"Dawa hakuna, kanunue nje"

Hapa watu huchanganyikiwa kwa sababu wanadhani dawa zote hushuka kutoka juu. Zamani ilikaribia kuwa hivyo. Lakini kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zimekuwa zikiingia moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo. Humohumo huingia malipo ya bima na fedha za wanaolipa papo kwa papo. Kituo huagiza dawa Bohari ya Dawa, MSD, yenye makao yake Keko. MSD wakisema dawa fulani hawana, kituo kina ruhusa ya kununua kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyepitishwa kwa utaratibu wa mkoa.

Kwa hiyo jibu la "serikali haijaleta" halijakamilika. Maswali yanayolikamilisha ni haya, na uyaulize kwa upole: dawa hii ilikuwemo kwenye oda ya mwisho? MSD walijibu lini kwamba hawana? Baada ya jibu hilo, je, imeagizwa kwa mshitiri? Kama haikuagizwa, ni fedha haikuwepo au kamati haikukaa kupitisha? Mfamasia mwenye kazi safi atakujibu dakika ileile, na wengi watafurahi kwamba kuna mtu ameuliza hadi hapo. Muombe pia aandike kwenye cheti chako kwamba dawa haikupatikana, pamoja na tarehe. Kipande hicho kitunze. Vipande ishirini vya namna hiyo, kutoka kwa wateja ishirini wa kituo kimoja ndani ya mwezi mmoja, haviwezi kuitwa uzushi.

Vidonge vya serikali huwa na alama ya GoT. Ukivikuta vikiuzwa kwenye duka la dawa la mtu binafsi, piga TAKUKURU, namba 113, bila malipo.

Namba hiyohiyo ni ya "hela ya soda", ya glovu zinazouzwa mfukoni mwa mhudumu, na ya kitanda kinachopatikana ghafla baada ya noti kubadilisha mikono. Chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, anayeomba na anayetoa wote wana hatia, kwa hiyo toa taarifa kabla hujatoa fedha. Kinga yako ya kila siku ni moja: malipo halali katika kituo cha serikali hupitia namba ya malipo, ile control namba, na huleta stakabadhi. Bila namba, usilipe. Na kuna wasiopaswa kulipa kabisa kwa mujibu wa sera: mjamzito kwa huduma za uzazi, mtoto wa chini ya miaka mitano, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, na wagonjwa wa magonjwa kama kifua kikuu, ukoma na VVU. Asiye na uwezo kabisa aulizie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla bili haijawa mlima.

Kiti kisicho na mtu wa soko

Kila zahanati na kituo cha afya kinapaswa kuwa na kamati ya usimamizi. Ndani yake wamo wawakilishi wa wananchi wanaotumia kituo, na mmoja wao huwa mwenyekiti. Kamati hukaa miaka mitatu. Kazi yake si kupokea wageni. Inapitisha mpango na bajeti ya kituo, inapitisha manunuzi, inasikiliza malalamiko, inafungua sanduku la maoni. Kwa maneno mengine, swali la dawa tulilouliza hapo juu linaishia mezani kwao. Uliza wajumbe ni akina nani, walikaa lini mara ya mwisho, na muhtasari wa kikao uko wapi. Mara nyingi utakuta kamati ipo kwenye faili na imekaa pale tu saini ilipohitajika kutoa fedha benki. Hilo likitokea, kosa ni la mganga mfawidhi na la wajumbe, lakini pia ni letu tuliowaacha bila kuwauliza.

Wajumbe hupatikana kupitia mitaa na kata, hivyo anayeshinda Kariakoo na kulala kwingine hana mtu wake ndani. Nadhani hili linaweza kurekebishwa, na sisi tunao uwezo wa kulirekebisha. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa sababu ya kero za kodi, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaja kuwasikiliza pale viwanja vya Mnazi Mmoja, hatua chache kutoka hospitali. Watu walisimama mmoja baada ya mwingine wakataja kero kwa tarehe na kiasi. Umoja uleule wa wafanyabiashara, vyama vya wapagazi na mama lishe, wakimwandikia Mtendaji wa Kata na diwani kuomba kwamba kamati ijayo ya kituo ipate mjumbe anayetoka sokoni, watakuwa wameomba jambo dogo lenye faida kubwa. Mjumbe huyo awe mtu anayejua hesabu. Mwenye sauti kubwa peke yake hatoshi.

Barua

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kutoka ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Wengi wanaijua kama sheria ya waandishi wa habari. Ni yako pia. Barua isizidi ukurasa mmoja, iwe na maombi ya taarifa tu. Malalamiko yaandikie barua yake. Ukivichanganya, ofisi itajibu malalamiko kwa maneno mazuri na kuruka taarifa. Iweke hivi:

"Mkurugenzi wa Jiji, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam.

YAH: MAOMBI YA TAARIFA KUHUSU WATUMISHI NA DAWA KATIKA KITUO CHA AFYA (jina la kituo)

Mimi ni raia wa Tanzania, mfanyabiashara katika Mtaa wa (jina), Kata ya Kariakoo. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba kupatiwa taarifa zifuatazo: ikama ya kituo kwa kila kada, idadi ya watumishi waliopo kazini kwa kila kada hadi tarehe ya barua hii, idadi ya nafasi zilizoombewa kibali katika bajeti ya mwaka huu wa fedha, na waliokwisha kuripoti, idadi ya wagonjwa wa nje kwa kila mwezi katika miezi kumi na miwili iliyopita, na orodha ya dawa muhimu zilizokosekana katika miezi mitatu iliyopita, pamoja na tarehe zilipoagizwa MSD na kwa mshitiri."

Weka jina, namba ya kitambulisho cha NIDA, simu na saini. Nakala iende kwa mwenyekiti wa kamati ya kituo na kwa diwani. Chapa nakala mbili. Peleka mwenyewe masijala, upigiwe mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako mbele ya macho yako, na tarehe isomeke. Usiiache kwa mlinzi, wala kwa kijana anayekwambia "nipe tu, nitamfikishia". Siku 30 zinahesabiwa kutoka kwenye mhuri huo, na bila mhuri hakuna siku ya kwanza. Zikipita kimya, andika kwa mkuu wa taasisi kuomba mapitio, ukiambatisha nakala yenye mhuri.

Kwa malalamiko yenyewe kuna njia nyepesi zaidi: mfumo wa serikali wa e-Mrejesho, au namba 199 ya Wizara ya Afya. Namba 115 ni ya usafiri wa dharura kwa mjamzito, mama aliyejifungua na mtoto mchanga. Iweke kwenye simu yako leo, hata kama wewe ni mwanamume usiye na mke. Kosa la kitaalamu la mtu mmoja, dawa isiyo sahihi au uzembe wakati wa kujifungua, lina mahali pake: Baraza la Madaktari Tanganyika, au Baraza la Uuguzi na Ukunga. Mabaraza hayo ndiyo yenye leseni mkononi. Ofisi ikikupiga chenga kwa muda mrefu, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko ya utendaji mbaya wa ofisi za umma.

Kuhusu video za simu, nina msimamo. Sura ya muuguzi mchovu inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp haijaleta muuguzi wa pili popote ninapojua. Inamvunja yule mmoja aliyebaki, inaanika wagonjwa waliolala nyuma yake, na inaweza kukuingiza wewe kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ukikosea jambo moja katika maelezo. Piga picha ubao wa matangazo, stakabadhi yako, cheti chako.

Mahakama je? Ibara ya 11 ya Katiba inaitaka serikali ijali ustawi wa mtu anapougua, lakini imo katika sehemu ambayo ibara ya 7 inasema haiwezi kudaiwa mahakamani. Majirani wamefika mbali zaidi. Agosti 2020 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliamua kwamba serikali, kwa kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi katika vituo vyake, ilivunja haki za wanawake waliokufa wakijifungua, na ikaamuru familia zilizofungua shauri zilipwe. Shauri hilo lilifunguliwa 2011. Shauri la miaka tisa linahitaji kumbukumbu: tarehe, kituo, saa ya kufika, nani alikuwepo na nani hakuwepo. Hata kama hufikirii mahakama kabisa, mgonjwa wako akipata madhara andika mambo hayo usiku uleule.

Wakati

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, lakini anayepeleka ombi la wauguzi mwezi Juni amechelewa. Mipango ya vituo na ya halmashauri huandaliwa kuanzia miezi ya mwisho ya mwaka, madiwani hupitisha bajeti mapema mwaka unaofuata, na Bunge hukaa kwa bajeti kuanzia Aprili. Barua ya kuomba taarifa ipelekwe Agosti au Septemba, ili majibu yawe mkononi mwako kamati ya kituo inapoandaa mpango wake. Januari mfuate diwani na namba zako. Vikao vya Baraza la Madiwani viko wazi kwa wananchi. Ulizia tarehe na ukumbi ofisi ya kata, nenda ukae nyuma, usikilize kama kituo chako kimetajwa.

Aprili soma ripoti ya CAG ya serikali za mitaa inapowasilishwa bungeni, inapatikana bure kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi. Ni ndefu, tafuta jina la Jiji na neno dawa. Baadaye madiwani hukaa kikao maalumu cha kujibu hoja za mkaguzi, na hapo watendaji hulazimika kueleza kila hoja imefikia wapi. Kama hoja ya kituo chako imeandikwa "inafanyiwa kazi" mwaka huu na iliandikwa hivyohivyo mwaka jana, una mada ya barua yako ya pili. Ianze kwa tarehe na namba ya kumbukumbu ya barua ya kwanza, iwekwe saini na watu zaidi ya mmoja, na nakala yake iende Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa.